Mlango wa Stoo

Kabla karatasi haijafunuliwa, trei haina idadi.
Ina idadi zote: sufuri, moja, tatu,
hata thelathini, Mungu apishe mbali,
zimekaa pamoja gizani, kila moja na uzito wake,
zikingoja mkono wa mtu.
Leo ubaoni naandika: kigeu nasibu.
Zamani, hapa hapa Wete, Bi Mize Faki alikiita
mavunjiko.

Mayai yalishuka Mkoani kwa meli ya Jumatano,
trei arubaini, yakapanda pikapu ya Shaame,
na mimi juu yake, umri miaka kumi na minne,
nimeyakumbatia kama mtu azuiaye mafuriko kwa viganja.
Kila shimo lilikuwa na kauli yake.
Shaame hakujua breki. Alijua honi.

Mlango wa stoo ulikuwa wa kijani kilichochakaa,
na Bi Mize, aliyeacha skuli darasa la nne,
alikuwa na chaki.
Trei moja, alama moja.
Iliyosalimika: safu ya kwanza, kando ya bawaba.
Yai moja limepasuka: safu ya pili. Mawili: ya tatu.
Alama juu ya alama, kama anayejenga ukuta.
Mwaka ulipogeuka, mlangoni palikuwa na kilima,
kimeinuka ghafla upande wa bawaba
kikalala taratibu kuelekea kitasa,
chembamba, chembamba,
hadi alama moja pweke chini ya komeo:
mayai kumi na moja, siku Shaame alipompisha ng'ombe.

"Wastani, yai moja na nusu," alisema akipanga bei.
"Nusu yai halijavunjika tangu dunia iumbwe.
Lakini ndilo ninalolilipia."

Kisha mguu ukamvimba. Akanipa daftari.

Wiki tano.
Trei nzima niliipunguza, iliyopondeka niliijazia,
na ziada nikamuuzia mchemshaji wa bandarini.
Nikaandika mbili. Mbili. Mbili.
Mara moja nikaandika tatu, ifanane na kweli.

Akarudi akichechemea. Hakuuliza pesa.
Alichora daftari langu kwenye ubao wa pili wa mlango,
safu moja ikapanda wima mpaka fimbo yake ikaishia,
akarudi nyuma hatua mbili, akatazama.
"Hiki si kilima, mwanangu. Huu mnazi.
Na mnazi haujioti, hupandwa na mtu."

Nikasema: bahati, Bi Mize.

"Bahati naijua. Nimeisoma mlango huu mwaka mzima.
Ziko wapi trei zangu nzima?
Yako wapi manne, yako wapi matano?
Bahati haina adabu hivi."

Hakunipiga. Alinisimamisha mbele ya mlango
hadi adhana ya alasiri, nitazame tu.
Halafu akahesabu kwa vidole:
mbili, toa moja na nusu, mara trei mia mbili.
"Mayai mia. Nitakukata kidogo kidogo."
Hakuwa ameona hata moja likitoka.
Nilikuwa nimechukua tisini na saba.
Yale matatu sikumwambia, na nililipa.

Mlango umeshang'olewa, sasa pana shata la bati.
Nami nina kidato cha tano, na jana niliwapa kazi:
rusheni sarafu ya mia mbili, mara mia, nyumbani.
Wameleta madaftari safi.
Sura, simba, sura, simba, sura, sura, simba,
safu nzima zimesimama kama minazi ya mkoloni,
na mimi natafuta mahali bahati ilipokosa adabu.

Daftari la Hidaya Makame lina simba tisa mfululizo.
Wawili wa mwisho kawafuta kwa ufutio hadi karatasi ikatoboka,
kaona haya, kama kwamba sarafu ndiyo iliyokosea.

Hapo pa tundu nimebandika karatasi,
nikaandika upya, kwa kalamu ya wino:
simba, simba.